Masomo ya Mbali Si Vipindi Vinane Kwenye Skrini

Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza Machi 11, 2020 kuwa UVIKO-19 ni janga la dunia, dhana zilezile hujirudia kila shule inapolazimika kufundisha watoto wakiwa nyumbani. Walimu wakuu wanazo, wazazi wanazo, na anayeumia ni mtoto.

"Ratiba ya shule ihamie mtandaoni kama ilivyo"

Hii inanichosha kuliko zote. Shule inafungwa Ijumaa, Jumatatu vipindi vilevile 8 vya dakika 40 vinarushwa mubashara kwa video, na mzazi anaambiwa masomo yanaendelea. Hayaendelei.

Piga hesabu. Video ya megabiti 1 kwa sekunde (megabiti 8 ni MB 1) inakula MB 300 kwa kipindi cha dakika 40. Vipindi 8 ni GB 2.4 kwa siku, GB 12 kwa wiki, na hapo kamera ya mtoto imezimwa. Hata bando likiwepo, watoto watatu wa nyumba moja hawawezi kuingia vipindi vitatu kwa wakati mmoja kwa simu moja.

Halafu kuna ufundishaji wenyewe. Darasani mwalimu anapita kati ya madawati, anamwona aliyeandika 3/4 + 1/4 = 4/8 na kumrekebisha palepale. Kwenye skrini yenye wanafunzi 40 haoni daftari hata moja. Anaishia kuhutubia, na wanaojibu ni walewale watatu.

Gawa somo. Yale ambayo mtoto anaweza kuyasoma au kuyasikiliza kwa wakati wake, yatumwe. Mubashara ubaki kwa maswali na kurekebisha makosa. Kwa kila somo, kwa wiki, andaa ukurasa mmoja wa maelezo wenye mfano uliofanywa hatua kwa hatua, rekodi ya sauti isiyozidi dakika 5, zoezi la maswali 4 hadi 6, na kikao cha dakika 20 kwa kila kundi la wanafunzi 8 hadi 10. Rekodi ya dakika 5 kwa kilobiti 24 kwa sekunde haifiki hata MB 1.

Unaporekodi, weka simu shubiri moja kutoka mdomoni, ndani ya chumba chenye mapazia, maana kuta tupu zinarudisha mwangwi. Taja kwanza namba ya ukurasa, na kabla ya kutoa jibu nyamaza kidogo ili mtoto ajaribu mwenyewe. Tuma vyote kwa pamoja, siku na saa ileile, ikiwezekana jioni mwenye simu akiwa amesharudi nyumbani. Ujumbe unaodondoka mmoja mmoja mchana kutwa unazama kwenye kundi la wazazi katikati ya "asante mwalimu" nyingi, na hakuna anayeufuatilia.

Mahudhurio yahesabiwe kwa kazi iliyorudi, kwa sababu jina kuonekana kwenye kikao halithibitishi kwamba mtoto anasikiliza. Zoezi lisiporudi kwa siku 2, piga simu. Usitume ujumbe mwingine. Mara nyingi kizuizi ni kidogo: chaji imeisha, au picha za daftari zinagoma kwenda kwa sababu kila moja ina MB 4.

Na mrejesho uwe mahususi. "Kazi nzuri" haimsaidii mtu. Andika: "Umejumlisha na asili (namba za chini) pia. Asili zikilingana, jumlisha viasi (namba za juu) tu. Rudia swali la 3 na la 5."

"Sasa mzazi ndiye mwalimu"

Hapana. Kazi ya mzazi ni kulinda muda, kutafuta mahali penye utulivu, na kumwambia mtoto, "Hebu nieleze ulivyofanya." Hata asiyejua somo anaweza hayo. Anayemfanyia mtoto zoezi anamharibia: mwalimu anaona majibu sahihi, anasonga mbele, na pengo linabaki palepale.

Nyingine kwa ufupi

Kamera kuwashwa si dalili ya kuelewa. Inamaliza bando na kuwaaibisha wasiotaka nyumba zao zionekane. Mwite mtoto kwa jina, muulize swali, sikiliza jibu.

Eti watoto wa siku hizi wanajua teknolojia. Wanajua michezo na video. Kutuma kazi ni jambo jingine. Kikao cha kwanza kabisa kiwe cha kuwafundisha kupiga picha ya daftari: mwanga wa dirisha utoke ubavuni, simu iwe sambamba na karatasi, jina na namba ya ukurasa vionekane juu, kisha picha ipunguzwe ukubwa kabla ya kutumwa.

Eti asiye na intaneti hana la kufanya. Kuna redio, na kuna kifurushi cha karatasi cha wiki 2, kinachochukuliwa na kurudishwa kwa siku maalumu. Lakini kifurushi kisicho na mifano iliyofanywa kinamkwamisha mtoto kwenye swali la kwanza, na kisiposahihishwa, cha pili hakitarudi.

Eti mtihani wa nyumbani hauna maana kwa sababu wataigiliziana. Wataigiliziana ukiuliza tarehe na majina. Chagua swali moja kati ya aliyojibu, mpigie simu kwa dakika 3, mwambie aeleze alivyolipata jibu, kisha mbadilishie namba moja afanye upya ukiwa unamsikiliza. Aliyenakili atakwama kwenye ile namba mpya.