“Ni ile ya damu tu”: warfarini kwenye dirisha la dawa

Mama mmoja mwenye valvu ya chuma kwenye moyo alifika dirishani kwangu, hapa Temeke, akiwa na karatasi ya daktari wa meno iliyoandikwa metronidazoli ya siku 5. Alitaka apewe dawa awahi daladala la Mbagala. Nilimwamkia, nikamwuliza kama ana dawa nyingine anayoitumia kila siku. “Marahaba mwanangu,” akajibu, “hapana, ni ile ya damu tu.”

Ile ya damu ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo. Nilimwomba daftari lake la kliniki, nikakuta INR yake ya mwisho, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ni 3.1, kiwango kinachomfaa kabisa mtu mwenye valvu ya chuma upande wa kushoto kati ya chemba mbili za moyo, ambaye kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Metronidazoli hulizuia ini kuivunjavunja warfarini, kwa hiyo mama huyu angeendelea kumeza vidonge vilevile, kwa saa ileile, huku dawa ikijilimbikiza mwilini mwake. Nilimpigia simu daktari wa meno, tukakubaliana antibayotiki nyingine, na mama akaelekezwa apime INR tena baada ya siku chache.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake imo kazi yenyewe ya mfamasia. Daktari wa moyo humwona mgonjwa siku ya kliniki. Katikati ya kliniki na kliniki, mgonjwa huugua jino, malaria au kifua, na kila mara hupita kwenye dirisha la dawa. Warfarini haiyeyushi damu, ingawa wengi husema hivyo. Hulizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza baadhi ya protini za kugandisha damu, na kwa kuwa protini zilizokwisha kutengenezwa hubaki mwilini kwa siku kadhaa, kosa la Jumatatu huweza kuonekana Alhamisi au Ijumaa, wakati mgonjwa amekwisha kusahau alichokimeza. Mtu asiyetumia dawa hii huwa na INR ya karibu 1. Wagonjwa wengi wa warfarini, wakiwemo waliowahi kuganda damu mguuni, hulengwa kati ya 2 na 3. Chini ya hapo kuna hatari ya damu kuganda na kuleta kiharusi, na juu ya hapo hatari ya kuvuja damu huongezeka.

Dawa inayonitia wasiwasi kuliko zote katika jiji hili ni rifampisini ya kifua kikuu. Hii hulichochea ini liivunje warfarini kwa kasi, hivyo INR hushuka na daktari hulazimika kuongeza dozi, wakati mwingine maradufu au zaidi. Mgonjwa huzoea dozi hiyo kubwa kwa miezi 6 ya tiba. Kisha siku anayomaliza dawa za kifua kikuu, siku ambayo nyumbani wanashukuru Mungu, ndipo hatari ya pili inapoanza: ndani ya wiki mbili hivi ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na dozi iliyokuwa ikimtosha inakuwa nyingi mno. Kwa sababu hiyo mimi huandika tarehe ya kumaliza rifampisini kwenye daftari la mgonjwa tangu siku ya kwanza, na humwambia kwamba kipimo cha baada ya hapo kina uzito uleule wa kile cha mwanzo.

Kuhusu mboga, sikubaliani na wanaowakataza wagonjwa matembele na kisamvu. Mboga hizi zina vitamini K, ni kweli, lakini tatizo huletwa na mabadiliko ya ghafla. Anayekula mchicha kila siku aendelee, na dozi ipangwe kwa kuuzingatia mchicha wake. Diklofenaki na aspirini za kununua bila kuulizwa ndizo za kuogopa, kwa kuwa huweza kuumiza tumbo na kusababisha damu ivuje hata INR ikiwa sawa.

Vilevile humwomba mgonjwa amimine vidonge vyake kwenye sahani ya kuhesabia. Mzee mmoja alikuwa na vya miligramu 1 na vya miligramu 5 katika kichupa kimoja, akivitambua kwa rangi, na kumbe rangi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Tangu hapo dozi naitaja kwa miligramu, kamwe si kwa idadi ya vidonge.

Zipo dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani na apiksabani, zisizohitaji INR ya mara kwa mara, lakini mwenye valvu ya chuma hapaswi kuhamishiwa huko.

Kila ninapomkabidhi mgonjwa warfarini, humweleza asirudishie kwa kumeza dozi mbili siku inayofuata akisahau, na kwamba akiona choo cheusi kama lami, au akianguka na kugonga kichwa, hata kama hasikii maumivu, aende hospitali usiku huohuo na daftari lake mkononi.