Mwenge haumfukuzi zombi

Jumamosi mchana kibanda changu cha kompyuta hapa Buzuruga, Mwanza, hujaa watoto wa Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga kwa matofali ambamo zombi huzuka gizani, na lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Anko, nimeweka mienge kila kona na zombi bado wamekuja." (Wao wanaiita tochi. Kwangu mimi tochi ni ile ya betri.) Wiki iliyopita aliyelalamika ni dogo mmoja wa darasa la sita. Alikuwa ametoka kuchimba madini mbali na kwake, akafungua mlango wa nyumba yake ya mawe, akamkuta zombi kasimama sebuleni kama mgeni aliyekaribishwa.

Huyu dogo, kama wengi, anadhani mwenge unamtisha zombi jinsi moto unavyomtisha fisi. Sivyo. Zombi anapita katikati ya mienge 20 bila kujikuna. Kazi ya mwanga ni moja tu: kuzuia asizaliwe hapo. Sisi watu wa ziwa tunadanganywa na dagaa. Usiku usio na mwezi wavuvi wanawasha taa, dagaa wanaifuata, kwa hiyo tumezoea kwamba kiumbe ama anavutwa na taa ama anaikimbia. Zombi hana habari nayo. Ni gemu yenyewe inayoangalia taa pale inapotafuta mahali pa kumtoa.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwenge una mwanga wa 14 pale ulipo, na kila hatua ya tofali moja unapungua 1. Hatua ya 13 imebaki 1, ya 14 ni sifuri. Zombi huzaliwa kwenye sifuri tu. Zamani ilikuwa 7 kushuka chini, ndiyo maana video za zamani zinakuambia ujaze mienge karibu karibu. Sheria ilibadilika na toleo la 1.18, Novemba 2021. Angalizo: hatua zinahesabiwa kwa kufuata pande za matofali, si kukata kona. Tofali lililo mshazari, hatua 7 mashariki na 7 kaskazini, tayari liko gizani ingawa kwa macho unaliona jirani kabisa. Na ukuta unaukata mwanga.

Sasa mbona wanakuja hata ua ukiwa umewaka wote? Hapa ndipo watu wanapopotea. Zombi hazaliwi ndani ya matofali 24 kutoka uliposimama. Lakini jicho lake, kwenye toleo la Java, lile la kompyuta tunalocheza hapa, linafika 35, wakati maadui wengi wanaishia 16. Kwa hiyo anayekugongea mlango usiku amezaliwa huko nje kwenye giza, akakuona ukizungukazunguka uani, akaja kwa miguu. Mienge ya uani haikuwa na kosa lolote, ila haikuwahi kupewa kazi hiyo. Ukitaka utulivu, washa ule mduara wa nje, kati ya 24 na 35, au ingia ndani asikuone.

Geuza hesabu hiyohiyo upande wa pili. Ukiwa nyumbani, sebule yako iko salama hata ikiwa na kona yenye giza, kwa sababu wewe mwenyewe umekaa ndani ya zile 24. Ukienda mbali kidogo kuchimba, zombi anaweza kuzaliwa kwenye kona hiyo. Hivyo ndivyo mgeni wa sebuleni anavyopatikana, na hakupita mlangoni.

Bibi yangu kule Magu angesema huyo ni msukule. Hapana, msukule wa hadithi zetu ana bwana wake anayemtuma shambani usiku. Zombi wa gemu hatumwi na mtu. Ana maisha 20, yaani mioyo 10, na jua likichomoza anawaka moto, isipokuwa akiwa kivulini, amevaa kofia, au yumo majini.

Hilo la majini limewaumiza wengi. Dogo mwingine alizungushia nyumba yake mfereji akajisifu amejenga kisiwa cha Saanane. Asubuhi zombi walikuwa wamesimama mferejini, maji kiunoni, jua linawaka na wao hawaungui. Akauchimba zaidi ili wazame. Zombi hafi maji: kichwa kikikaa chini ya maji sekunde 30 anaanza kutetemeka, sekunde 15 baadaye amekuwa zombi wa majini, anayeogelea.

Nyama iliyooza anayoiacha akifa usiile kama una chakula kingine. Mara 8 kati ya 10 inakupa njaa mbaya. Mpe mbwa wako wa kwenye gemu, haimdhuru. Mlango wa mbao baadhi yao wanauvunja, lakini kwenye ugumu wa juu kabisa tu. Na mwezi mpevu, ambao wavuvi wa dagaa wanaukwepa kwa sababu zao, kwenye gemu nao si mzuri: unaongeza kidogo uwezekano wa kukutana na zombi aliyevaa mavazi ya vita.

Nikamwambia yule dogo wa darasa la sita abonyeze kitufe cha F3, atafute kwenye skrini mstari ulioandikwa Client Light, asome namba ya mwisho, ile ya block, yaani mwanga wa mienge. Tukaanza sebuleni: 11. Jikoni: 9. Nyuma ya kabati: 4. Ngazi: 6. Akaanza kuniangalia kwa jicho la "anko naye". Nikamwambia apande juu kwenye ghala la vitanda, chumba alichokijenga mwezi uliopita akakisahau, kina tundu la ngazi linaloshuka moja kwa moja sebuleni.

Sifuri. Na kabla hajaweka mwenge, umeme ukakatika.