Kujulisha, kuuliza, kushirikisha

Nimelisikia tena: "Wananchi walishirikishwa kikamilifu." Mradi wenyewe ni maktaba moja ya kutumiwa na chuo kikuu pamoja na umma. Nikauliza walishirikishwa vipi. Nikajibiwa kwamba waliitwa ukumbini, wakaonyeshwa michoro, wakaruhusiwa kuuliza maswali matatu. Michoro ilikuwa imeshapigwa mihuri.

Maana ya neno tuimalize haraka. Kushirikisha jamii katika kupanga maktaba ya namna hiyo ni kuwapa watakaoitumia fungu katika maamuzi, wakati maamuzi hayo bado yanaweza kubadilika. Na maktaba zenyewe si ndoto. San José, California, ilifungua ya kwake mwaka 2003, ikiendeshwa na chuo kikuu na mji kwa ubia. Worcester, Uingereza, ilifungua The Hive mwaka 2012. Humo mwanafunzi wa shahada na mtoto wa shule ya msingi hupita mlango mmoja.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana ndilo linalonikera likichezewa. Shiriki, shirika, ushirika, mshirika na ushirikina ni ukoo mmoja, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa na fungu na mwenzio katika kitu kimoja. Mshirika katika biashara ana sehemu yake katika mtaji, na hasara ikija humfika naye. Ushirikina tunauhusisha na hirizi na waganga, lakini kiini chake ni kumshirikisha Mungu, yaani kumpa kiumbe fungu katika mamlaka yasiyo yake. Ndiyo maana dini huliona jambo zito. Hakuna aliyewahi kuitwa mshirikina kwa sababu alimjulisha mtu habari fulani. Neno hili tangu asili yake linazungumzia kugawana mamlaka, na anayelitumia kwa maana ya kutangaza analinyang'anya uzito wake.

Kuna pia jamaa wawili wanaochanganywa kila siku: mshiriki na mshirika. Mshiriki wa mbio anakimbia, lakini si yeye aliyeamua ziwe za kilomita ngapi. Mshirika ameamua. Waandaaji wengi wa mikutano huhesabu washiriki, kwa karatasi za mahudhurio na sahihi, kisha huandika ripoti kana kwamba walikuwa na washirika. Hata "ushirikishwaji" lina -w- ya kutendwa katikati, inayomweka mwananchi mahali pa kufanyiwa jambo. Sisemi tulitupe, limeshazoeleka. Nasema tulisikilize.

Kwa wanaopenda vipimo, Mmarekani Sherry Arnstein alichora mwaka 1969 ngazi ya vipandio vinane vya wananchi kushiriki. Chini kabisa ni kuwahadaa watu, na juu kabisa ni wao wenyewe kushika usukani. Kujulisha ni kipandio cha tatu na kuuliza maoni ni cha nne. Ubia hauanzi mpaka cha sita. Mkutano wa michoro yenye mihuri ulifika cha tatu, na kwa yale maswali matatu tuseme uligusa cha nne.

Je, kila jambo liamuliwe na wananchi? La. Sakafu ya kubeba rafu za vitabu huhitaji nguvu kuliko sakafu ya ofisi, na hiyo ni hesabu ya mhandisi. Lakini yako mambo ambayo mhandisi hana jibu lake. Wiki ya mitihani, kitabu cha kozi kiazimwe na yeyote mwenye kadi au kibaki kwa wanafunzi? Watoto wasomewe hadithi orofa gani, na kelele zao zikifika kwa anayeandika tasnifu, nani ahame? Mlangoni kuwe na ukaguzi wa vitambulisho? (Swali hili peke yake linatosha kuamua kama umma utaiona maktaba ni yake.) Hata mpangilio wa rafu una watu ndani yake: vyuo vikuu vingi vya Marekani hupanga vitabu kwa mfumo wa Library of Congress (maktaba ya Bunge la Marekani), maktaba nyingi za umma hutumia mfumo mwingine, wa Dewey, na ukiwachanganya watumiaji bila kuwauliza, nusu yao watapotea. Haya huamuliwa kabla msanifu hajashika kalamu, kwa sababu ukuta ukishasimama huwa umekwisha kujibu.

Nidokeze na hili. Katika Kiswahili cha zamani, chuo kilikuwa na maana ya kitabu, na maktaba imetoka kwenye mzizi wa kuandika. Kilugha, chuo na maktaba vilikuwa majirani muda mrefu kabla ya kamati yoyote kufikiria kuviweka chini ya paa moja.

Basi yule ndugu wa "walishirikishwa kikamilifu" angeweza kusema "walijulishwa," na asingekuwa na kosa. Kujulisha ni kazi halali, na kujulisha vizuri kuna ugumu wake. Na kama ipo sehemu ya jengo ambayo michoro yake haijafika kwenye muhuri, hata kama ni chumba cha watoto tu, awarudie watu wa ukumbini na swali ambalo yeye mwenyewe bado hana jibu lake. Hapo aseme amewashirikisha, nami sitamkosoa.