Ngome ya Chetambe haipandiwi baada ya chakula cha mchana

Kila ninapoandaa safari ya siku moja kwenda ngome ya Chetambe, kwenye kilima kinachoutazama mji wa Webuye, hakosekani mteja wa Kisumu anayependekeza tuanze kupanda saa saba, tukiwa tumekwisha kula, kwa kuwa masika yamepita. Nimechoka kulijibu pendekezo hili kwa simu.

Magharibi ya Kenya haifuati majira ya Mombasa wala ya Machakos. Huku mvua hunyesha karibu kila mwezi, na aghalabu hunyesha alasiri, kwa sababu nchi kavu hupata joto upesi kuliko Ziwa Viktoria, hewa yenye unyevu ikavutwa kutoka ziwani, ikapanda miinuko na kugeuka mawingu mazito ya radi. Kwa hiyo anga jeupe la asubuhi, ambalo wateja wangu hulitaja kama hoja ya kuchelewa, si ahadi ya lolote; jua hilo kali ndilo linaloipika mvua ya saa tisa. Anayeanza saa saba hujikuta juu kabisa, mahali pa wazi, wakati ambapo hapaswi kuwapo. Wapo wanaosema kwamba radi haiwezi kupiga mahali ambapo tone halijaanguka, ilhali inaweza kupiga kilomita kadhaa mbele ya mvua yenyewe: ukisikia ngurumo, tayari uko katika hatari, na la kufanya ni kushuka. Mti uliosimama peke yake si kimbilio, na viatu vya mpira, ambavyo mzee mmoja alivitetea kwa ukali mpaka tukafika chini, havimkingi mtu.

Dhana ya pili inatokana na neno ngome. Wageni hutarajia kuta za mawe mfano wa Fort Jesus, kisha hulalamika kwamba nimewapeleka porini. Chetambe ilikuwa boma la udongo lenye handaki, na wenyeji ndio walioijenga, si Wazungu. Hapo ndipo Wabukusu walipojihami mwaka 1895, baada ya mapigano ya Lumboka, dhidi ya jeshi lililoongozwa na C. W. Hobley, mtawala wa kikoloni wa Kiingereza. Asiyeyajua hayo kabla ya kupanda ataona nyasi tu.

Kuhusu maji, chupa ndogo haitoshi, hata kama kilima kinaonekana kifupi kutoka barabarani. Lita mbili kwa kila mtu, nami hukagua mikoba.

Basi tunaondoka Kisumu saa kumi na moja alfajiri, tunapitia Kakamega, tunakuwa juu kabla ya saa nne, na saa sita tunaanza kushuka. Kuku na ugali wa wimbi nitaviagiza mapema mjini Webuye, navyo vitaliwa tukiwa tumekwisha kurudi.