Ngozi Nyeusi Haipatikani kwa Kumimina Nyeusi

Juzi mwalimu mwingine kanishauri tena: ukitaka ngozi nyeusi, chukua ile pinki ya kuchorea Wazungu, tia nyeusi kidogo kidogo mpaka ifike. Ifike wapi? Nafundisha uchoraji hapa Kentucky, darasa lenye Wakongo, Wasomali, Wamarekani Weusi na Wazungu, na ushauri huo nimeusikia hadi masikio yameota sugu.

Nyeusi ya tyubu mara nyingi ni masizi, au mifupa iliyochomwa. Itie kwenye njano, unapata kijani. Itie kwenye pinki, unapata kitu cha kijivu kama chai ya maziwa iliyoingia majivu. Mtoto akijiona hivyo kwenye karatasi anaamua kwamba uso wake ndio mgumu kuchora. Uso wake hauna shida yoyote. Somo ndilo lilianzia kwa mtu mwingine. Na hapo mwalimu anajisifu: "Mimi sibagui, wote nimewapa boksi moja la rangi." Boksi ni moja, ndiyo. Maelekezo je?

Anzeni na kahawia. Siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, na ultramarini, ile bluu iliyokolea: bluu ikizidi unakaribia weusi wenye uhai, siena ikizidi unapata wekundu wa udongo.

Kinachoniudhi zaidi ni mng'ao. Ngozi nyeusi hunyonya sehemu kubwa ya mwanga unaopenya ndani, lakini ule unaorudishwa na uso wa ngozi, na mafuta na jasho lake, haupungui. Ndiyo maana kipaji cha uso, ncha ya pua na mfupa wa shavu hung'aa waziwazi kuliko kwa mtu mweupe. Mng'ao huo hubeba rangi ya mwanga uliopo: samawati karibu na dirisha, njano chini ya balbu. Halafu mtu anakuja kuudondoshea nyeupe tupu! Tumieni kioo, si picha ya simu. Simu ina tabia ya kung'arisha watu bila kuombwa.

Najua mtanitajia mchoraji Mmarekani Mweusi Kerry James Marshall, anayepaka watu wake weusi tii. Sawa, lakini yeye hutumia nyeusi tatu tofauti na kuzitia rangi nyingine, bluu kwa mfano, ili zitofautiane. Kwake nyeusi ndiyo rangi ya kuanzia, si ya kuchafulia nyingine. Mchoraji mwenzake Amy Sherald naye, ambaye picha yake ya Michelle Obama ilizinduliwa 2018, hupaka ngozi kwa kijivu. Kijivu hichohicho ninachokikataza! Wanafunzi wakiniuliza, nasema anaiweka rangi kando ili tumwone mtu. Jibu hilo haliniridhishi hata mimi.

Na kuna jambo sijalipatia dawa. Mtoto anajua kuchanganya barabara, halafu anajichora mweupe kuliko alivyo. Pengine ni mwanga wa dirisha tu. Pengine sivyo. Nikimsahihisha, nimeukagua uso wake mbele ya wenzake, nikinyamaza, nimeridhia. Kwa sasa namuuliza tu shavu la upande wa kivuli lina rangi gani, kisha nahamia meza nyingine. Mwenye njia bora anieleze.