Je, wajua kwa nini serikali ya Marekani hufungwa wakati fedha zipo?

Jioni ya tarehe 14 Januari 2019, wachezaji wa Chuo Kikuu cha Clemson, mabingwa wa mpira wa Kimarekani, walialikwa Ikulu ya Washington. Mezani palikuwa na vinara vya mishumaa na sinia za fedha zinazong'aa, na juu ya sinia hizo yamepangwa mabaga ya McDonald's, Wendy's na Burger King, mengine yangali kwenye vifungashio vyake. Rais Donald Trump alisema ameyalipia mwenyewe. Wahudumu wengi wa Ikulu walikuwa nyumbani, likizo ya lazima isiyo na mshahara, kwa sababu serikali ilikuwa imefungwa. Hiyo ilikuwa siku ya 24.

Mtu wa huku kwetu akisikia "serikali imefungwa" huwaza mambo mawili: kuna mapinduzi, au Hazina imekauka. Wala si hayo. Kodi zilikuwa zinaingia kila siku, na wakopeshaji wa dunia nzima walikuwa tayari kuikopesha Marekani bila kuuliza mara mbili. Kilichokosekana ni sheria ya kuruhusu fedha zitoke.

Katiba yao inasema fedha haitoki Hazina ila kwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Hilo si geni, nchi nyingi zina kifungu cha namna hiyo. Mwaka wao wa fedha huanza 1 Oktoba, na kabla ya hapo Baraza la Wawakilishi na Seneti, mabaraza mawili ya Bunge hilo, wanatakiwa wawe wamepitisha miswada 12 ya matumizi, na Rais awe ameisaini. Mara ya mwisho kuikamilisha yote kwa wakati ilikuwa 1996. Tangu hapo wamekuwa wakiishi kwa sheria za muda, za wiki kadhaa au miezi miwili mitatu, ambazo kwa lugha ya mtaani zinasema: endeleeni kutumia kama mwaka jana, sisi bado tunabishana. Sheria ya muda ikiisha na nyingine haijapita, ofisi zinafungwa.

Lakini mbona zamani hazikufungwa? Miaka ya 1970 bajeti ilichelewa mara kadhaa na hakuna aliyefunga mlango. Wakuu wa idara walipunguza safari na manunuzi, wafanyakazi wakaendelea kwenda kazini, kila mtu akijua Bunge litalipa baadaye. Mambo yaligeuka Aprili 1980. Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Jimmy Carter, Benjamin Civiletti, aliisoma upya sheria ya karne ya 19 inayomkataza ofisa wa serikali kuingia deni ambalo Bunge halijaliidhinisha. Akaandika maoni yake: idara isiyo na bajeti haina ruhusa hata ya kumweka karani mezani, maana jasho la karani la siku hiyo nalo ni deni. Tarehe 1 Mei, Tume ya Biashara ya Shirikisho ikawa ya kwanza kufungwa kwa maoni hayo, siku moja tu. Januari 1981 Civiletti akalegeza kamba kidogo: kazi za kulinda uhai na mali ziendelee.

Kwa hiyo Katiba haikusema serikali ifungwe, na Bunge halikupiga kura kuamua hivyo. Ni tafsiri ya mwanasheria mmoja. Nadhani alidhani anawatisha wanasiasa ili wawahi kazi yao. Badala ya kuogopa, waliokota rungu.

Aliyewafundisha wenzake kulitumia kwa nguvu ni Newt Gingrich, Spika wa Baraza la Wawakilishi mwaka 1995. Yeye na wenzake wa chama cha Republican walitaka Rais Bill Clinton, wa chama cha Democratic, akubali kukata matumizi, Clinton akakataa. Serikali ikafungwa siku 5 mwezi Novemba, kisha siku 21 kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Januari 1996. Katikati ya mvutano huo Gingrich akawaambia waandishi wa habari kwamba moto ulichochewa pia na jinsi alivyotendewa kwenye ndege ya Rais, wakitoka kumzika Yitzhak Rabin, Waziri Mkuu wa Israeli: aliketishwa nyuma, akashushwa kwa mlango wa nyuma. Gazeti la Daily News la New York likamchora ukurasa wa kwanza akiwa mtoto mchanga kwenye nepi, analia. Kura za maoni ziliwatupia lawama Warepublican, na mwaka huo Clinton akachaguliwa tena.

Hapa ndipo muundo wa Marekani unapotofautiana na wetu. Tanzania, Katiba inampa Rais nafasi ya kuidhinisha fedha za shughuli za lazima kwa hadi miezi minne kama sheria ya matumizi haijaanza kutumika. Na Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja na wabunge wote wakarudi kuomba kura. Mbunge gani wa Dodoma atacheza mchezo huo? Kenya nako Bunge la Taifa linaweza kuruhusu sehemu ya makadirio itumike kabla sheria haijakamilika. Washington hakuna kuvunja Bunge. Rais anaweza kuwa wa chama kimoja na Bunge la kingine, na kila mmoja akasema ametumwa na wananchi. Tena ndani ya Seneti yenye watu 100, kwa kanuni zao, mjadala wa miswada mingi haufungwi bila kura 60. Chama chenye viti 53 kinatawala, lakini hakiwezi kupitisha bajeti ya matumizi bila kuwabembeleza wapinzani.

Jambo lililokaribia hilo huku kwetu ni la kaunti za Kenya mwaka 2020. Maseneta walivutana miezi kadhaa juu ya fomula ya kugawana mapato, fedha hazikutumwa, na Septemba magavana wakatangaza kusimamisha huduma. Maseneta wakaelewana haraka kuliko walivyokuwa wameonyesha dalili. Nairobi yenyewe, yaani serikali kuu, haikufunga hata dirisha moja.

Turudi Marekani. Ikifungwa, nani anaathirika? Si wote, na si kwa kipimo kimoja. Malipo ya wastaafu na bima ya afya ya wazee huendelea, kwani yanasimama kwenye sheria za kudumu. Viza na pasipoti kwa kawaida huendelea, kwa sababu zinaendeshwa na ada za waombaji wenyewe. Aliyeko Mombasa au Mwanza akisubiri usaili hana haja ya kukata tamaa mapema. Lakini mwajiri aliyetaka kibali cha Wizara ya Kazi ili amchukue mfanyakazi wa kigeni, mwaka 2025 alijikuta amekwama kwa wiki kadhaa. Mambo mengine ni ya kuchekesha: mwaka 2013, serikali ilipofungwa siku 16 kwa sababu ya ugomvi juu ya sheria ya bima ya afya ya Barack Obama, hata kamera za kuwaonyesha dubu aina ya panda wa bustani ya wanyama ya Washington zilizimwa.

Wafanyakazi hugawanywa mafungu mawili. Wa kwanza hutumwa nyumbani. Wa pili, walinzi wa mipaka, waongoza ndege, wakaguzi wa abiria, askari magereza, huambiwa kazi yao inahusu uhai, hivyo waje kazini, ila mshahara hakuna hadi Bunge lipatane. Mwaka 2018 hadi 2019 watu wapatao 800,000 walikuwa kwenye mafungu hayo mawili kwa siku 35. Ijumaa ya malipo ilipofika, walifungua hati za mshahara wakakuta makato yameandikwa vizuri na chini kabisa: dola 0.00. Walinzi wa pwani, ambao ni wanajeshi kamili, nao waliukosa mshahara.

Tangu 2019 ipo sheria inayowahakikishia watumishi hao malimbikizo yao, hata waliokaa nyumbani. Maana yake mlipakodi analipia siku ambazo ofisi ilikuwa imefungwa, jambo ambalo mtu mwenye duka la rejareja hawezi kulielewa ukimweleza mara kumi. Walioachwa nje ya sheria hiyo ni watu wa kandarasi: anayefagia korido za wizara, anayeuza chai kwenye kantini, mlinzi wa getini. Zikifunguliwa ofisi, siku zao zimeliwa. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba zile siku 35 ziliupotezea uchumi dola bilioni 3 ambazo hazingerudi kamwe.

Na ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini? Trump, Mrepublican, alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta mpakani na Mexico. Wademokrati wakagoma. Hotuba zilitolewa, mikutano ikavunjika, wiki zikapita. Kilichomaliza kesi ni waongoza ndege. Hawa hawaruhusiwi kugoma. Mwaka 1981 Ronald Reagan alifukuza zaidi ya 11,000 kwa kosa hilo, na somo lile halijasahaulika. Lakini mtu anaweza kuugua. Asubuhi ya 25 Januari 2019 wachache walipiga simu kusema hawajisikii vizuri, ndege za kwenda LaGuardia, New York, zikazuiwa kwa muda, ucheleweshaji ukaenea pwani yote ya mashariki. Alasiri ya siku hiyo hiyo Trump alisimama bustanini Ikulu kutangaza kwamba serikali inafunguliwa. Baadaye alipewa bilioni 1.375 za uzio.

Rekodi ya zile siku 35 ilivunjwa 2025, safari hii Wademokrati ndio walioshikilia. Walitaka nyongeza ya ruzuku ya bima ya afya, iliyokuwa ikiisha mwishoni mwa mwaka, iongezewe muda. Serikali ikafungwa 1 Oktoba. Ikulu ikajibu kwa kupeleka barua za kuachishwa kazi kwa watumishi wapatao 4,000, jambo ambalo halikuwahi kuwa sehemu ya mchezo huu. Novemba ikaingia na msaada wa chakula wa watu milioni 42 ukakwama, kesi zikarushwa mahakama hadi mahakama, na kwenye foleni za benki za chakula wakaonekana pia watumishi wa serikali. Kisha ikawa ileile hadithi ya angani: waongoza ndege hawatoshi, na mamlaka ya usafiri wa anga ikaamuru safari zipunguzwe katika viwanja 40 vikubwa.

Siku chache baadaye maseneta wanane wa upande wa Wademokrati walipiga kura pamoja na Warepublican. Zilipatikana 60 kamili. Walichopewa kuhusu ruzuku ni ahadi ya kupigiwa kura, na Desemba kura ikapigwa, ruzuku ikaanguka. Barua za kuachishwa kazi zilifutwa.

Trump alisaini usiku wa 12 Novemba. Wizara chache zilipata bajeti ya mwaka mzima, ikiwemo ya Kilimo inayotoa ule msaada wa chakula. Nyingine zote zilipewa sheria ya muda hadi 30 Januari 2026: siku 79 za kuendesha serikali, baada ya kuifunga siku 43.