Kuhara na kutapika kwenye kituo cha kulelea watoto: yanayosemwa na ukweli wake

"Anaota meno tu." Watoto watano wa chumba kimoja hawaoti meno Jumanne moja. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na virusi huingia kwa njia hiyo. Kumpeleka akang'olewe "meno ya plastiki" (vijino vya kwenye fizi vinavyodhaniwa kuleta kuhara) ni kumwongezea kidonda juu ya kuhara.

"Sanitaiza inatosha." Kwa norovirusi, kirusi cha kuhara na kutapika, haitoshi. Kirusi hiki hakina utando wa mafuta ambao spiriti huuyeyusha, kwa hiyo dawa yake ni kukibandua: sabuni, maji tiririka, sekunde 20. Beseni moja la kunawia watoto wote kabla ya uji ni balaa; anachoacha wa kwanza, wa kumi anakwenda nacho mezani. Kibuyu chirizi (kidumu kinachochuruzisha maji ya kunawia) kinalishinda mbali.

"Matapishi yakishadekiwa, yamekwisha." Kosa kubwa liko hapa. Mtoto akitapika, matone huruka mbali kuliko doa unaloliona, na chembe chache mno za norovirusi zinatosha kumwangusha mwingine. Watoe watoto chumbani. Vaa glavu, funika kwa karatasi, zoa, funga mfukoni. Osha kwa sabuni kwanza, maana uchafu huimaliza jiki nguvu. Ndipo upake jiki: ya asilimia 3.5 (soma chupa), kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo. Iache dakika 10. Usisahau vitasa, vichezeo na ukingo wa poti. Usiichanganye na dawa ya choo. Hutoa gesi ya sumu. Na aliyebadilisha nepi asipakue chakula.

"Amechanjwa rota" (kirusi kingine cha kuhara). Vizuri. Chanjo hiyo, iliyoanza Tanzania 2013 na Kenya 2014, hupunguza rota kali. Lakini haizuii norovirusi.

"Mpe antibayotiki." Haziui virusi. Mpe ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Akitapika subiri dakika 10, kisha kijiko kimoja kimoja. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14; chini ya miezi sita, 10. Anyonye kama kawaida. Soda hapana: sukari yake huvuta maji utumboni, kuhara kukazidi.

"Leo hajaharisha, kesho arudi." Hesabu saa 48 tangu alipotapika au kuharisha mara ya mwisho. Hata akirudi, choo chake huweza kutoa virusi kwa wiki mbili au zaidi.

Akitoa damu, akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa au asipokojoa saa sita, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku.